Seva kabla ya msimu wa korosho: kasi ya kwenye boksi na kasi utakayoipata Novemba

*"Mtaalamu, habari za kazi. Niko Mtwara mjini, nasimamia mifumo ya chama cha ushirika kinachohudumia wakulima wa korosho. Seva yetu ina miaka tisa: diski nne za SAS (za sahani zinazozunguka) za mizunguko 10,000 kwenye RAID 5 (zimeunganishwa ili moja ikifa data ibaki), Linux na kanzidata ya PostgreSQL. Msimu ukifunguka Oktoba tunaumia. Kuandaa malipo ya wakulima 12,000 baada ya mnada kunachukua kama saa tatu, na makarani wa Newala na Tandahimba wanalalamika skrini zinaganda. Nina bei mbili mezani. Ya kwanza ni seva mpya yenye SSD (diski za chipu, zisizozunguka) mbili za kiunganishi cha SATA, za kiwango cha seva, 1.92 TB kila moja. Ya pili ni seva iliyotumika, prosesa mbili za Xeon E5 v4, na NVMe (SSD za aina ya kasi zaidi) mbili za umbo dogo la M.2, za 2 TB, za kompyuta za kawaida. Muuzaji wa hii ya pili anasema kila diski inafika IOPS (maombi ya kusoma au kuandika kwa sekunde) 800,000 na MB 7,000 kwa sekunde, na bei yake ni karibu nusu. Alinionyesha kwa kunakili faili la GB 20, likaisha kufumba na kufumbua. Bodi inataka pendekezo langu. Nipimeje ili nisidanganywe? Halafu, ni kweli kwamba SSD huisha haraka kwenye kazi ya kanzidata?"*

Ndugu yangu, nimekuelewa hivi: pesa ya kununua ni ya mara moja, msimu haungoji, na namba zote ulizopewa zinavutia upande wa bei nafuu. Unaogopa kununua kitu kinachopaa dukani halafu kikagota siku wakulima wanasubiri hela zao. Una haki ya kuogopa. Ila kabla hatujazilinganisha hizo seva mbili, kuna hesabu fupi ambayo huenda ikabadilisha swali lenyewe.

Saa tatu ni sekunde 10,800. Gawanya kwa wakulima 12,000, unapata sekunde 0.9 kwa kila mkulima. Diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika huzunguka mara moja kila milisekunde 6, kwa hiyo data husubiriwa nusu ya hapo kwa wastani, yaani milisekunde 3. Ongeza kama 4 za kichwa kusogea, inakuwa 7, sawa na maombi 140 hivi kwa sekunde kwa diski moja na 560 kwa diski nne. Kwenye RAID 5 kila andiko dogo hugharimu kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (data ya ziada ya kurejeshea diski iliyokufa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Zile 560 zinabaki maandiko 140 kwa sekunde. Maana yake, hata diski zenu hizo za zamani, ndani ya sekunde 0.9 zina uwezo wa maandiko kama 126 yaliyotawanyika. Malipo ya mkulima mmoja, pamoja na makato ya pembejeo na ushuru, hayahitaji maandiko 126. Kumi au ishirini yanatosha.

Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachokula muda. Kinaweza kuwa kwenye kontrola ya RAID (kadi inayosimamia diski), kwenye programu, au kwenye mtandao, na kati ya hivyo kuna ambavyo havitatibiwa na seva yoyote utakayonunua. Anza hapo, kwa sababu uchunguzi huu haugharimu kitu.

Malipo yanapoandaliwa (hata kwa nakala ya data ya msimu uliopita), fungua dirisha moja uendeshe `iostat -x 5` na jingine uendeshe `top`. Kwenye iostat tazama safu za `r_await` na `w_await`, yaani milisekunde ambazo ombi la kusoma au kuandika hungoja hadi lijibiwe. Ukiona `w_await` inapanda milisekunde 20, 40 au zaidi huku prosesa zimelala, diski ndizo zinazokwamisha. Ukiona diski zimetulia lakini kiini kimoja cha prosesa kimegonga asilimia 100 muda wote, tatizo liko kwenye hoja za kanzidata, yaani maswali ambayo programu huiuliza. Mara nyingi programu inasoma jedwali zima kumtafuta mkulima mmoja kwa sababu safu ya namba ya mkulima au ya stakabadhi haina faharasa (orodha ya kuipata rekodi haraka). Washa `pg_stat_statements`, nyongeza ya PostgreSQL inayohesabu muda wa kila hoja, uone ni hoja gani imekula muda mwingi zaidi. Faharasa moja inaweza kushusha saa tatu zikawa dakika, kwa gharama ya sifuri. Usiiangalie ile safu ya `%util` ukahukumu nayo, hasa ukishahamia SSD: inaonyesha tu kwamba diski ilikuwa na kazi, haionyeshi kwamba imefika mwisho wa uwezo wake.

Kisha kagua betri ya kontrola ya RAID. Kontrola nyingi hupokea andiko kwenye kashe yake (kumbukumbu ya muda), zikajibu "tayari" ndani ya mikrosekunde chache, halafu zikaliweka kwenye diski taratibu. Zinathubutu kufanya hivyo kwa sababu kuna betri inayoitunza kashe umeme ukikatika. Betri ikichoka, kontrola huzima kashe ya kuandika yenyewe, na kila andiko linaanza kungoja diski izunguke. Betri hizi huchoka ndani ya miaka michache, na joto huziua mapema. Kwa seva ya miaka tisa katika mji wa pwani ningeshangaa kama ile ya awali bado ni nzima. Kama imekufa, usilazimishe kashe iwake bila betri, hata kama menyu ya kontrola inaruhusu. Umeme ukikatika katikati ya malipo utabaki na kanzidata iliyoharibika.

Makarani wa Newala na Tandahimba nao wapimwe kivyao. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye swichi ileile iliyo na seva, ufanye kazi ileile wanayofanya wao, saa ileile. Ukiipata chapchap pale huku wao wamegandiwa, basi ni mtandao, na NVMe haitawasaidia hata kidogo. Programu inayotuma maswali 50 madogo kwa kila skrini, kwenye laini yenye kucheleweshwa milisekunde 80 kwenda na kurudi, inapoteza sekunde 4 njiani kabla seva haijafanya lolote.

Tuseme umeshapima yote hayo na bado diski zina hatia. Sasa tuzigeukie zile namba.

IOPS 800,000 inaweza kuwa kweli, lakini inajibu swali ambalo chama chako hakiulizi. Fikiria mizani kwenye ghala kuu. Mtu akikwambia mizani zetu zinapima magunia elfu kwa saa, hajakwambia mkulima mmoja mwenye gunia moja atasimama muda gani. Ukiweka mizani nyingi na foleni ndefu kila moja, idadi kwa saa inapanda hata kama kila mkulima anangoja vilevile. Diski ni hivyohivyo, na hesabu yake ni moja: maombi kwa sekunde ni sawa na idadi ya maombi yaliyo kwenye foleni ukigawanya kwa muda wa kujibu ombi moja. Ili upate 800,000 huku kila ombi likijibiwa kwa mikrosekunde 320, lazima maombi 256 yawe yanasubiri kwa wakati mmoja, muda wote. Programu ya malipo inayomshughulikia mkulima mmoja baada ya mwingine ina foleni ya ombi moja. Diski hiyohiyo ikijibu usomaji mmoja kwa mikrosekunde 90, kwako itatoa kama 11,000. Kwa hiyo muulize muuzaji muda wa kujibu kwa foleni ya 1, ya 4 na ya 16. IOPS za foleni ya 256 mwachie.

Zile MB 7,000 kwa sekunde nazo hazitaonekana kwenye seva ile. Xeon E5 v4 ina njia za PCIe (za data kati ya prosesa na diski) kizazi cha 3, na diski ya njia nne kwenye kizazi hicho haivuki MB 3,900 hivi kwa sekunde hata ingekuwa na uwezo gani. Ukishaichomeka, endesha `lspci -vv` ulinganishe mistari ya `LnkCap` na `LnkSta` ya diski. Wa kwanza unasema diski inaweza nini, wa pili unasema imepata nini. Adapta mbovu ya M.2 inaweza kuishusha hadi njia mbili au moja bila kukuambia.

Na lile onyesho la kunakili GB 20 halikupima diski. Linux huweka faili kwenye RAM kwanza, na seva yenye GB 64 inalimeza lote. Hata sehemu iliyofika kwenye diski iliangukia mahali pa haraka: SSD za kawaida hutumia seli zinazobeba biti tatu au nne, lakini zikiwa tupu huandika biti moja tu kwa kila seli, jambo ambalo ni jepesi na la haraka. Sehemu hiyo ya biti moja, ambayo ni kashe ya diski, inaweza kuwa na ukubwa wa mamia ya GB diski ikiwa tupu, na husinyaa kadiri inavyojaa. Ikiisha, diski inabidi iandike biti zote tatu au nne na wakati huohuo ihamishe zile za mwanzo, na kasi inaporomoka vibaya. Faili la GB 20 haliwezi kukufikisha hapo kamwe.

Inafaa ujue kwa nini inaporomoka, kwa sababu ndiyo itakayokuongoza kwenye kipimo. Flashi, yaani chipu za kumbukumbu zilizo ndani ya SSD, haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Data huandikwa kwa kurasa za kilobaiti kadhaa, lakini kufuta hufanyika kwa bloku nzima ya megabaiti kadhaa. Ukibadilisha rekodi moja, diski huandika ukurasa mpya kwingine na kuuhesabu ule wa zamani kuwa taka. Diski ikikaribia kujaa, kabla ya kuandika inalazimika kutafuta bloku yenye taka nyingi, kuhamisha kurasa hai zilizomo, na kuifuta. Ufutaji mmoja huchukua milisekunde kadhaa, na usomaji wako ukiangukia kwenye chipu inayofutwa, unangoja. Diski za kiwango cha seva hutengewa nafasi kubwa ya akiba isiyoonekana na kuratibiwa ili usumbufu huu usambae taratibu. Za kawaida zimeundwa kwa mtu anayefungua kompyuta, anafanya kazi kidogo, kisha anaiacha ipumzike na kujisafisha. Kanzidata yenu mwezi Novemba haipumziki.

Hii ndiyo sababu diski mpya, tupu, haipimwi hadi ijazwe. Tena ukipima usomaji kwenye diski ambayo haijawahi kuandikwa, kontrola yake hujibu sifuri bila kuigusa flashi, nawe utapata namba tamu ambazo hutaziona tena.

Programu ya kupimia ni `fio`, ya bure, inapatikana kwenye Linux zote. Amri zifuatazo hufuta kila kitu kwenye diski utakayoitaja. Thibitisha jina kwa `lsblk` mara mbili, na usizijaribu kamwe kwenye seva inayofanya kazi. Anza kwa kujaza diski nzima mara mbili mfululizo:

`fio --name=jaza --filename=/dev/nvme0n1 --rw=write --bs=128k --iodepth=32 --ioengine=libaio --direct=1 --loops=2`

Kile kipengele cha `--direct=1` kinairuka RAM; ukikisahau umepima kumbukumbu. Kwa SATA ya 1.92 TB inayoandika MB 500 kwa sekunde, hatua hii ni zaidi ya saa mbili, kwa hiyo panga siku nzima. Baada ya hapo iandike bila mpangilio, kwa vipande vidogo, hadi kasi itulie:

`fio --name=tuliza --filename=/dev/nvme0n1 --rw=randwrite --bs=4k --iodepth=32 --numjobs=4 --ioengine=libaio --direct=1 --norandommap --time_based --runtime=14400 --group_reporting`

Hizo ni saa nne. Utaona kasi ikianza juu, ikashuka, kisha ikakaa. Kwa kujua kama imetulia kweli, kanuni ya SNIA (chama cha kampuni za hifadhi ya data) inafaa: chukua vipimo vitano vya mwisho, tofauti ya mkubwa na mdogo isizidi asilimia 20 ya wastani, na mwelekeo wa kupanda au kushuka usizidi asilimia 10. Namba utakayoikuta hapo ndiyo diski uliyonunua.

Sasa pima kazi inayofanana na yenu. PostgreSQL husoma na kuandika kwa kurasa za kilobaiti 8, kwa hiyo tumia hizo, kusoma asilimia 70 na kuandika 30:

`fio --name=mseto --filename=/dev/nvme0n1 --rw=randrw --rwmixread=70 --bs=8k --iodepth=16 --ioengine=libaio --direct=1 --time_based --runtime=3600`

Irudie kwa foleni ya 1 na ya 4. Kwenye majibu acha wastani, shuka hadi kwenye orodha ya asilimia usome mstari wa 99.00 na wa 99.90. Wastani huficha maumivu. Chukua diski ambayo ombi 1 katika 100 hungoja milisekunde 20 na mengine 99 ni ya haraka: wastani wake utapendeza. Lakini kazi yenye hatua 100 zinazofuatana ina uwezekano wa asilimia 63 kukutana na angalau kusubiri mara moja kwa namna hiyo. Karani akisema "leo mfumo unashtukashtuka", mara nyingi anazungumzia mstari huo wa 99.

Kipimo ambacho ningekuomba usikiruke kwa vyovyote ni hiki:

`fio --name=thibitisha --filename=/dev/nvme0n1 --rw=write --bs=8k --iodepth=1 --ioengine=psync --fdatasync=1 --time_based --runtime=600`

Hapa kila andiko linafuatwa na agizo la kuihakikishia kanzidata kwamba data iko salama, umeme ukatike au usikatike. PostgreSQL hufanya hivyo kila inapofunga muamala, na ndipo diski za kiwango cha seva na za kawaida zinapoachana kabisa. Zile za seva zina kapasita (vifaa vidogo vinavyotunza umeme kwa muda mfupi) ndani yake: umeme ukikatika, kapasita hizo zinatosha kumalizia kuandika kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya diski. Kwa hiyo diski inaweza kujibu "tayari" mapema bila kusema uongo, ndani ya makumi ya mikrosekunde kwa NVMe na juu kidogo kwa SATA. Diski ya kawaida haina kapasita hizo. Inabidi ipeleke data hadi kwenye flashi yenyewe kila mara, na jibu linafika baada ya milisekunde moja, tatu, wakati mwingine kumi. Weka hesabu: wakulima 12,000 kwa miamala 6 kila mmoja ni miamala 72,000. Kwa milisekunde 2 ni sekunde 144. Kwa milisekunde 0.1 ni sekunde 7 tu. Hivyo SATA "ya polepole" ya MB 500 kwa sekunde inaweza kuishinda NVMe ya MB 3,500 kwenye kazi yenu hasa.

Na kama diski ya kawaida ikakupa majibu ya haraka mno kwenye kipimo hiki, iogope zaidi. Huenda inajibu "tayari" bila kufanya. Njia ya kujua ni kuzima umeme. Kuna programu ndogo ya bure, `diskchecker.pl`: unaiwasha kwenye kompyuta ya pili isikilize, kwenye seva inaandika huku ikiitaarifu ile ya pili kila andiko lililothibitishwa, kisha unachomoa nyaya zote mbili za umeme za seva kwa mkono. Ukishaiwasha tena, inalinganisha. Hata kosa moja ni andiko ambalo diski ilisema limo na halimo. Fanya hivyo mara kadhaa, diski ikiwa haina data yenu. UPS inasaidia lakini haiondoi hitaji hili. Nazo huishiwa, na watu hukanyaga nyaya.

Suala la joto halitaonekana dukani Dar. Kwetu huku kipindi cha Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, ndicho cha joto kali, na ndicho cha minada. Mara nyingi pia umeme ukikatika UPS inaibeba seva lakini haikibebi kiyoyozi. M.2 iliyo kwenye adapta bila bati la kupoozea na bila upepo wa feni hufika nyuzi 70 na zaidi chini ya kazi nzito, kisha inajipunguza kasi yenyewe. Kwa hiyo pima kwenye chumba chenu, saa nane mchana, kifuniko cha seva kikiwa kimefungwa, na kila dakika chache soma `nvme smart-log /dev/nvme0`. Ina joto la sasa na pia hesabu ya mara ambazo diski imejipunguza kasi kwa sababu ya joto. Hesabu hiyo ikipanda wakati wa kipimo, umepata jibu. Hewa inayoingia mbele ya seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27, na unyevu usizidi asilimia 60, kwani chumvi ya bahari ikikutana na unyevu inakula viunganishi. Vumbi la ghala usilikaribishe: chumba cha seva kisiwe njia ya watu wa magunia.

Kwenye seva iliyotumika kagua na RAM. E5 v4 ina njia nne za kumbukumbu kwa kila prosesa, na seva nyingi za mtumba huja na vipande viwili tu. Endesha `dmidecode -t memory` uhesabu. Prosesa yenye kipande kimoja inapata robo ya kasi ya kumbukumbu iliyokusudiwa, hata kama jumla ya GB inaonekana nzuri. Pia weka BIOS kwenye hali ya utendaji kamili badala ya kubana umeme. Prosesa inayosinzia kila baada ya ombi huongeza mikrosekunde kadhaa kila inapoamka, na kwa NVMe hizo zinaonekana.

Sasa lile la SSD kuisha. Kwa kazi yenu hofu hiyo ni kubwa kuliko hali halisi. Soma `smartctl -a` leo na baada ya wiki moja ya msimu, linganisha idadi ya data iliyoandikwa. Kwa NVMe kizio kimoja cha "Data Units Written" ni baiti 512,000. Kwa diski zenu za SAS tumia safu ya maandiko ya iostat. Tuseme mnaandika GB 60 kwa siku mwaka mzima, ambayo kwa chama ni nyingi: miaka mitano ni TB 110 hivi. Diski ya 1.92 TB iliyodhaminiwa kujazwa mara moja kwa siku kwa miaka mitano inahimili TB 3,504. Hata ya kawaida ya 2 TB iliyodhaminiwa TB 1,200 ingebaki na nafasi tele. Kwa hiyo usiikatae NVMe ya kawaida kwa kuogopa itaisha. Ikatae kwa kukosa kapasita na kwa kuyumba. Ila jambo moja watu hulisahau: viwango vya JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, vinaitaka diski ya seva iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa kiwango chake itunze data miezi 3 tu bila umeme, kwa nyuzi 40. Usichomoe SSD yenye bakapu ukaifungia kabatini hadi msimu ujao.

Tukizipima bei zako mbili kwa haki: seva mpya yenye SATA za kiwango cha seva ndiyo ningeipendekeza kwa bodi, diski mbili zikiwa RAID 1 (kila moja nakala ya nyingine), kama kipimo kimethibitisha zina kapasita. Ile ya mtumba siitupi. Prosesa zake bado zinatosha kazi yenu, na mkibadilisha zile M.2 kwa SSD mbili za kiwango cha seva mnaweza kupata kitu kizuri kwa bei ya katikati, ila dhamana ni fupi na vipuri ni vya kubahatisha. Kuna na njia ya tatu ambayo hakuna muuzaji aliyekutajia: SSD mbili za SATA za kiwango cha seva ndani ya seva yenu ya sasa, betri mpya ya kontrola, na faharasa zilizokosekana. Hiyo inaweza kuwavusha msimu mmoja huku mkitafuta pesa kwa utulivu. Hakikisha tu kontrola inazikubali, kwa sababu baadhi hukataa diski zisizo za kampuni yake au hukimbiza feni kwa kelele. Chochote mtakachochagua, nunueni diski ya akiba ya aina ileile ikae ofisini. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kuja huku kusini, hakuna kipuri ambacho kingefika kesho yake.

Kwenye mkataba usiandike "seva yenye kasi". Andika hivi: *"Mapokezi yatafanyika katika chumba cha mnunuzi. Baada ya kila diski kujazwa mara mbili na kuandikwa bila mpangilio kwa saa 4, mseto wa kusoma asilimia 70 wa kilobaiti 8 kwa foleni ya 16 utaendeshwa saa 1, na asilimia 99 ya maombi yajibiwe chini ya milisekunde 5. Maandiko yenye uthibitisho, foleni ya 1, asilimia 99 chini ya milisekunde 1. Jaribio la kukata umeme mara 5 lisitoe kosa lolote."* Muuzaji anayejua anachouza atasaini. Anayekwepa amekusaidia kuchagua.

Kuna mahali ambapo usiendelee peke yako na maelezo yangu. Kama kontrola ya sasa inaonyesha diski moja imeanguka, au SMART (ripoti ya afya ya diski) inaonyesha makosa ya kusoma yanayoongezeka, au hujawahi kurejesha bakapu yenu kwenye mashine nyingine ukaona inafunguka, simamisha vipimo vyote na umwite mhandisi aje akae mbele ya seva hiyo. RAID 5 iliyopoteza diski moja haina ulinzi tena, na kipimo kizito kinaweza kuiangusha ya pili. Mhandisi akifika mkabidhi majibu ya `iostat` ya saa ya malipo, ripoti ya betri ya kontrola, `smartctl -a` ya kila diski na hoja kumi za kwanza kwenye `pg_stat_statements`. Akiwa na hivyo vinne ataanza kazi asubuhi hiyohiyo.